UNA KISTARLET CHA MZEE? KIPENDEZESHE BILA KUKIKATA MIGUU!

Kama na wewe ni kama mimi, yaani umemaliza kidato cha nne, kazi ni za kubangaiza na gari pekee unaloligusa ni lile ambalo mzee amelichoka, basi vuta kiti tuongee. Leo mapenzi tunayaweka kando. Leo ni zamu ya mkweche.

Gari lenyewe ni Toyota Starlet, ile EP82. Kizazi hicho kilianza kutoka kiwandani Japani mwishoni mwa mwaka 1989, kikaja kupishwa na EP91 mwaka 1996. Kwa hiyo hata EP82 iliyo changa kuliko zote ni kaka yangu kwa umri. Namba zake ni za A, na wakazi wa Dar mnaelewa ninachosema. Ukifika na namba A kwenye sherehe, mlinzi anakuelekeza ukapaki kule nyuma, karibu na jenereta.

Mzee alipostaafu alinikabidhi ufunguo, akasema, "Haya, ndiyo hilo, ulitunze." Siku ileile ubishoo ukaniingia. Kijiweni kwetu kila mtu ni injinia. Mmoja akasema shusha chini, mwingine akasema weka rimu kubwa, wa tatu akashauri nikate eksozi ili mtaa mzima ujue nimefika. Nikaanza na la kwanza.

SIKU NILIPOKATA SPRINGI

Fundi mmoja wa mtaani, simtaji jina, alizifungua springi za mbele na za nyuma, akazikata kwa grinda koili moja na nusu kila upande. Kazi ya asubuhi moja tu. Gari likalala chini kama mamba. Kijiweni walipiga makofi, na mimi nikajiona nimemaliza dunia.

Raha ile ilidumu wiki mbili. Jumamosi moja nikaambiwa nimpeleke mama na mama wadogo wawili msibani Kibaha. Tumefika maeneo ya Kibamba giza limeanza kuingia, nikakutana na tuta ambalo sikuliona mapema. Gari likaruka, likatua na kishindo, halafu nikasikia harufu ya mpira kuungua. Kumbe tairi la mbele kushoto lilikuwa linasagwa na ukingo wa fenda. Kabla sijatafuta pa kusimama, paaa! Likapasuka. Usukani ukavutia kushoto, lori lililokuwa nyuma yangu likapita na honi ndefu, na sisi tukaishia kwenye kokoto pembeni ya barabara.

Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu. Ndani ya gari kimya kitupu. Mama mdogo ndiye aliyekivunja: "Mwanangu, hivi hili gari mbona mmelikata miguu?"

Kesho yake mzee alitoka na kandambili zake, akalizunguka gari, akainama, akachungulia. Hakupiga kelele. Alisema hivi tu: "Nilikupa gari ubebe watu. Sikukupa jeneza." Akanyoosha mkono, nikaweka ufunguo.

Baadaye fundi mmoja mtu mzima wa Gerezani alinieleza kosa langu. Springi ikikatwa inakuwa fupi kuliko nafasi yake. Gurudumu likining'inia, mfano umetoka kwenye tuta, springi inalegea na inaweza kuhama kwenye kikombe chake. Tena koili zikipungua, springi inakuwa ngumu zaidi, na shokapu ambayo ilitengenezwa kwa urefu wa mwanzo inabaki inagonga chini kila ukipita shimo. Anayetaka kushusha kweli atafute springi fupi zilizotengenezwa kwa gari hilo, pamoja na shokapu zake, na sentimita mbili au tatu zinamtosha. Kwa matuta yetu, hata hizo ni nyingi.

MASHARTI YA BARAZANI

Baada ya wiki tatu za kupanda daladala nilienda kuomba msamaha. Mzee akakubali, lakini kwa sharti. Kwanza springi za urefu wake zirudi. Halafu akasema: "Kubadili badili ukipenda. Ila mimi nikiwa nimekaa hapa barazani, nisione tofauti."

Nilidhani ananikomoa. Sasa naona alinifundisha kitu. Kigari cha zamani kilichotengenezwa kwa akili mpita njia hakigundui, ila wewe uliyekaa ndani unakihisi kila ukikata kona. Yafuatayo ndiyo niliyoyafanya, moja baada ya jingine, kila nilipopata vijisenti.

1. TAIRI NA RIMU

Anza na kusoma tairi lako. Ubavuni kuna neno DOT, na mwisho wake tarakimu nne. Ukikuta 3517 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2017. Kashata za tairi zinaweza kuonekana nzima huku mpira umeshakauka na kupasukapasuka, na wauza mitumba wanalijua hilo kuliko wewe.

Halafu piga hesabu ya kimo. Kwenye 165/70 R13, ile 165 ni upana kwa milimita, 70 ni asilimia ya upana huo ambayo ndiyo urefu wa ubavu, na 13 ni inchi za rimu. Tairi hilo lina kimo cha milimita kama 561. Ukienda 175/60 R14 unapata 566, yaani tofauti ya milimita tano tu. Spidimita haidanganyi, fenda haiguswi, na gari linakaa imara zaidi kwenye kona. Kama lako lilikuja na 155/80 R13, kimo ni 578, na 185/60 R14 inakupa hiyohiyo 578. Ndugu zangu wa rimu 17, mnajibebesha uzito wa bure na kila shimo mnalipokea kwa mgongo.

Starlet ina bolti nne kwenye duara la milimita 100, na tundu la katikati ni milimita 54.1. Vitz za mwanzo ni hivyohivyo, kwa hiyo rimu zake za inchi 14 zinakaa bila kulazimisha. Mimi nilipata za mtumba, nikazipiga msasa na rangi ya fedha mwenyewe. Mzee aliziona siku ya kwanza, akanyamaza. Nikajua zimepita.

2. TAA ZIONE MBALI

Hili ndilo lililonifurahisha kuliko yote. Taa za magari ya zamani zinafifia, na watu wanakimbilia balbu za wati 100. Usithubutu! Nyaya hazikupimwa kwa mzigo huo. Soketi itayeyuka, na moto ukianza ndani ya dashibodi utajuta. Na zile LED za kuchomeka kwenye taa iliyotengenezwa kwa balbu ya kawaida zinatawanya mwanga, unampofua anayekuja mbele yako.

Mara nyingi ugonjwa uko kwenye njia ya umeme. Balbu ya kawaida ya H4 ni wati 60 kwa taa za mbali na 55 kwa za karibu. Kwenye magari mengi ya zamani umeme wake unapita safari ndefu, kwenye swichi na nyaya zilizochoka, mpaka ufike umeshapungua. Dawa ni relei mbili, waya nene unaotoka moja kwa moja kwenye betri, na fyuzi karibu kabisa na betri. Swichi yako inabaki na kazi ndogo ya kuiamsha relei tu. Safisha na ethi, yaani pale waya unapofungwa kwenye bodi, kwa msasa mpaka chuma king'ae. Kama hujawahi kushika nyaya, mwite fundi rewaya, wewe simama umwangalie.

Balbu zilezile za zamani, lakini ule usiku wa kwanza nilidhani ni gari la mtu mwingine.

3. BREKI KABLA YA MBIO

Mafuta ya breki yananyonya unyevu wa hewani, na unyevu ukizidi yanachemka mapema, pedali inazama wakati unaihitaji. Yabadilishwe kila baada ya miaka miwili. Mipira ya breki ikiwa na nyufa, itupe. Kazi hii nilimwachia fundi, kwa sababu kwenye breki hakuna jaribio la pili.

4. INJINI IHEME

Mafundi wetu wengi wana tabia ya kung'oa themostati wakisema nchi hii ni ya joto. Matokeo yake injini inachelewa kupata joto lake. Kwa zile za sindano, kama 4E-FE ya cc 1,331, kompyuta inadhani bado ni alfajiri, inaendelea kumwaga petroli. Rudisha themostati, ila kwanza hakikisha rejeta ni safi na feni inawaka. Weka kulanti badala ya maji ya bomba, safisha mlango wa hewa kwa dawa ya kabureta, weka plagi mpya. Sailensa itatulia, na mafuta yatapungua bila kumwambia mtu.

5. GIA NA MILANGO

Kama gia yako inachezacheza kama mwiko kwenye uji, mara nyingi ni vibushi vya plastiki kwenye fimbo na kebo zake vimekwisha. Ni vitu vidogo, lakini ukivibadili gia inaingia "tak!" kama mpya.

Milango nayo ina siri yake. Fungua ule ubao wa ndani taratibu, usivunje vibanio. Futa vumbi ndani ya bati, bandika karatasi ya lami yenye foili juu yake, kisha rudisha plastiki ya kuzuia maji kama ilivyokuwa. Mimi nilibandika vipande viwili vikubwa kila mlango, nikabadili na mpira wa pembeni. Kelele za barabarani zikapungua, redio ikasikika vizuri bila kuongeza spika hata moja.

6. MAMBO MADOGO YA NDANI

Usukani niliuvalisha ngozi ya kushona kwa mkono, jioni mbili na vidole vilivyochomwachomwa. Viti vikashonewa kitambaa kinachofanana na kile cha zamani. Sehemu ya kuchajia simu niliificha ndani ya boksi la dashibodi, nayo ina fyuzi yake.

TAHADHARI KWA MASHAROBARO

Usiingie chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake. Weka stendi, na magurudumu yaliyobaki chini yazuie kwa mawe. Ukigusa umeme, toa kwanza waya wa hasi wa betri. Rangi na injini vimeandikwa kwenye kadi ya gari, ukivibadili hakikisha kadi nayo inabadilishwa, na watu wa bima waambie. Eksozi ya kelele haiongezi nguvu yoyote ya maana kwenye injini ya kawaida, inaongeza maadui tu.

Na wale mnaoota turbo, sikilizeni. Starlet GT Turbo ya kiwandani ilikuwa na nguvu za farasi 135, lakini ilitoka na breki zake, gia boksi yake na shokapu zake. Ukichukua injini ukaacha hivyo vingine, umerudi kulekule kwenye jeneza la mzee.

AKASHIKA USUKANI

Kazi hiyo ilinichukua karibu mwaka mzima. Juzijuzi mzee aliomba ufunguo, alitaka kwenda kumjulia hali rafiki yake Mbagala. Nikakaa pembeni yake, moyo unadunda. Akawasha, akasikiliza. Akaingiza gia ya kwanza, akanitazama. Kurudi giza lilikuwa limeingia, akawasha taa, akanitazama tena.

"Umebadilisha injini?"

"Hapana, mzee. Ni ileile."

Hakusema zaidi. Tulipofika nyumbani alishuka, akafunga mlango. Kisha akaufungua, akaufunga tena, taratibu, kusikiliza tu unavyolia. Akaenda kukaa barazani kwake, akaliangalia gari kwa muda.

"Mbona sioni tofauti," akasema, akinirushia ufunguo.

Haya msomaji wangu, karibu na wewe uanze. Kama una hela ya chipsi mayai tu wiki hii, kanunue msasa usafishe ethi za taa. Tukutane wiki ijayo, na ukipita kwenye tuta, punguza mwendo!