Bahari Huingia kwa Mlango wa Mto

Ikitajwa habari ya bahari kupanda, wengi wetu huwaza mawimbi: ukuta uliobomoka, mnazi ulioanguka ufukweni mizizi ikiwa nje, nyumba iliyobakiza hatua chache kufikia maji. Hayo yapo na yanaumiza. Lakini bahari ina njia nyingine ya kuingia nchi kavu, njia isiyo na kishindo, ya chinichini kupitia mito na visima, na kwa njia hiyo hufika mbali kuliko wimbi lolote. Pangani, mkoani Tanga, ni mahali pazuri pa kuielewa, kwa sababu hapo ndipo mto unaoanzia kwenye miteremko ya Kilimanjaro na Meru unapomaliza safari yake ya kilomita zipatazo 500.

Maji ya bahari ni mazito kuliko maji baridi kwa asilimia mbili na nusu hivi, na tofauti hiyo ndogo ndiyo yenye kuamua mambo. Maji yanapojaa, hasa siku za bamvua, yale ya chumvi hayachanganyiki na ya mto papo hapo. Hujipenyeza chini na kufuata sakafu ya mto kuelekea bara, huku maji baridi yakiteleza juu yake kwenda baharini. Ndiyo maana, mahali hapohapo karibu na mdomo wa mto, ndoo iliyochota juu huweza kuleta maji ya kupikia, na pampu iliyozamishwa chini ikavuta maji ya kuua miche. Kinachoizuia chumvi isipande zaidi ni msukumo wa mto. Mto ukilegea, chumvi hupanda. Chini ya ardhi nako mambo ni hayohayo. Mholanzi Badon Ghijben mwishoni mwa karne ya 19, kisha Mjerumani Herzberg mwaka 1901, walionyesha kwamba maji baridi ya pwani huelea juu ya maji ya chumvi, na kila mita 1 iliyo juu ya usawa wa bahari hushikilia takriban mita 40 zilizo chini yake. Hesabu hiyo igeuze: ukivuta kisima mpaka maji yashuke sentimita 10 na kubaki hivyo, chumvi iliyo chini inaweza, baada ya muda, kupanda mita 4.

Kwa wastani wa dunia, bahari ilipanda takriban sentimita 20 kati ya 1901 na 2018, na katika miaka ya 2006 hadi 2018 kasi yake ilifika milimita 3.7 kwa mwaka. Mvuvi ambaye siku ya bamvua huona maji yakipanda na kushuka zaidi ya mita 3 ana haki ya kuuliza milimita hizo zina uzito gani. Uzito wake ni kwamba hazirudi. Maji yaliyojaa alfajiri hupwa kabla ya adhuhuri, ila kile kilichoongezeka mwaka jana kipo bado, na bamvua ya mwaka huu inapanda juu yake. Tena, katika mabonde ya mdomo wa mto ardhi huinuka kidogo mno, hivi kwamba kimo cha kiganja kinatosha kuisogeza chumvi mbali. Mpunga hauhitaji kufunikwa na bahari ili upotee: ukipata chumvi wakati wa kuchanua, mkulima hupeta akabaki na mapepe. Mnazi ni mvumilivu zaidi, lakini nao chumvi ikizidi huchoka. Vidaka hupukutika kabla ya kuwa madafu. Na nyumbani sabuni inakataa kutoa povu.

Pingamizi lililo zito zaidi husema kwamba haya ni matendo yetu wenyewe, tusiisingizie bahari. Lina ukweli mwingi. Bwawa la Nyumba ya Mungu lilijengwa kwenye mto huu miaka ya 1960, mashamba ya umwagiliaji yakaongezeka, na mto unaofika Pangani leo ni mnyonge. Hata Kisiwa cha Maziwi, kilichokuwa mbele ya mji huo na kikamezwa na maji kufikia mwanzo wa miaka ya 1980, hakikuondolewa na bahari peke yake. Ukataji wa miti iliyoshika mchanga wake unatajwa miongoni mwa sababu. Ila kukiri hayo hakuiondolei bahari sehemu yake. Mlango mmoja unasukumwa upande huu na bahari inayopanda, na yule aliyekuwa akiushikilia upande wa pili amepunguziwa nguvu. Mimi naona hapo ndipo penye tumaini, maana barafu ya Greenland haiko mikononi mwetu, lakini maji ya Kikuletwa na Ruvu, mito inayoulisha mto huu, yamo.

Ukuta wa bahari, kama ule wa Barabara ya Barack Obama jijini Dar es Salaam, hulinda barabara na majengo, na pale unapofaa ujengwe. Hauzuii chumvi kupita chini ya mchanga wala kupanda na mto. Kazi hiyo hufanywa na maji yaliyoachwa yatiririke, na uamuzi wa kuyaacha hufanyika bara. Mkulima wa Moshi atauliza, kwa haki, kwa nini apunguze maji ya mahindi yake kwa ajili ya minazi ya watu asiowajua. Simwombi alale njaa. Mfereji wa udongo hupoteza maji mengi kabla hayajafika shambani, na kuuziba unakovuja humfaa yeye kwanza. Zaidi ya hayo, Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inayaweka maji ya mazingira katika nafasi ya pili, baada tu ya matumizi ya nyumbani. Kwa hiyo maji yanayoisukuma chumvi Pangani yanastahili kutengwa kabla ya kugawa vibali vya kumwagilia. Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani ina ofisi zake Moshi, karibu na chanzo cha mto. Kila inapokaa kugawa maji ya kiangazi, kipimo cha chumvi kilichochukuliwa kule mdomoni siku ya bamvua kiwe mezani.