Bundi Alipoleta Barua Shume

Mwezi wa saba, hakuna anayekaa nje Shume, huku milima ya Usambara, baada ya magharibi. Tuko juu ya mita 1,800, ukungu unateremka kutoka kwenye misindano kabla kuku hawajaingia bandani, na kila mtoto wa jirani anajua ni jiko gani lina moto mkubwa. Kwangu moto haukosi. Nimefundisha Kiswahili katika shule za msingi za huku milimani kwa miaka 31. Sasa nimestaafu, nimebaki na viazi vyangu, karoti zangu na mazoea ya kusoma kwa sauti. Jumamosi jioni hawapungui watoto tisa jikoni, wajukuu wangu wakiwemo. Siku ya baridi kali hufika hata kumi na watano.

Mwaka juzi mwanangu alinipandishia kutoka Dar es Salaam kitabu alichokipata kwa wauza vitabu vya mitumba. Kilikuwa Harry Potter, kile cha kwanza, cha Kiingereza, kona ya jalada imekatika. Sifa zake nilizisikia kwa miaka mingi na nilikuwa na kinyongo nazo. Kilitoka Uingereza mwaka 1997, nakala 500 tu za jalada gumu. Leo vitabu vyote saba vya mwandishi huyo, J.K. Rowling, vimeuzwa zaidi ya nakala milioni 600 na kutafsiriwa katika lugha zaidi ya 80. Cha saba kilipotoka Julai 2007 watu walipanga foleni usiku wa manane, na Uingereza na Marekani pekee zilinunua nakala kama milioni 11 katika siku moja. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na kitabu hiki kilikuwa kimetembezwa dunia nzima.

Ila niliona jambo moja. Watoto wa jikoni kwangu hawakuwa wamesikia lolote. Hawajaona filamu yake, hawajaona begi lenye picha yake, jina la mwandishi haliwaambii kitu. Nikasema basi, kama sifa hizi ni za haki, zitaonekana hapa ambapo hakuna anayezijua. Nitasoma Kiingereza kimoyomoyo, nitasema Kiswahili kwa sauti. Kikiwa kibovu watasinzia, au wataanza kuuliza kama viazi vimeiva.

Sura ya kwanza tu, bundi wakaanza kuruka juu ya mji mchana kweupe. Niliposoma hapo jiko likanyamaza, na haukuwa unyamavu wa raha. Kwetu bundi akilia juu ya paa mtu hutoka na kijinga cha moto kumfukuza, maana anabisha hodi ya msiba. Katika kitabu, Waingereza wao wanawashangaa tu, na wale wanaojua siri wanasherehekea. Mjukuu wangu wa kike, miaka tisa, akanishika mkono: "Bibi, nani amekufa?"

Niliacha kusoma. Alikuwa amepatia. Usiku wa kuamkia siku ile ya bundi, baba na mama wa yule mtoto wa hadithini walikuwa wameuawa, na msomaji bado hajaambiwa. Mtoto wa Shume aliipata habari kwa bundi kurasa kadhaa kabla mwandishi hajaitoa. Mwandishi hakukusudia ishara hiyo, sidhani, lakini hadithi ilikuwa na nafasi ya kuipokea. Hapo ndipo kinyongo changu kilipoanza kulegea.

Sehemu ya yatima haikuhitaji tafsiri. Mtoto analelewa na mama yake mkubwa, analazwa kwenye chumba kidogo chini ya ngazi, anavaa nguo zilizochakazwa na binamu yake, na siku ya kuzaliwa kwake hakuna anayemfanyia sherehe. Waliuliza tu habari ya ngazi, maana nyumba zetu hazina ngazi ndani. Nikasema: "Fikirieni stoo ya viazi." Wakafikiri, na wawili kati yao sikuwatazama usoni, kwa sababu nawajua wanakolala.

Ugumu ulikuja kwenye kupaa. Mwalimu wa hadithini anawapa watoto fagio wajifunze kuruka. Jiko zima lilicheka. "Ufagio upi, Bibi, wa chelewa?" Kila mtu anajua kwamba wanaopaa usiku hupaa kwa ungo. Niliwaeleza kwamba Uingereza wanasimulia ufagio kama sisi tunavyosimulia ungo, wakakubali kwa shingo upande, na tangu siku hiyo nikisoma "ufagio" kuna sauti nyuma hurekebisha: "Ungo."

Kicheko hicho ndicho kilichomleta mzazi mmoja. Alikuja Jumatatu asubuhi, akavua kofia.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, baba. Karibu kiti."

"Nasikia watoto unawasomea uchawi."

Nikamweleza hadithi. Alisikiliza yote kwa adabu, kisha akasema mtoto wake hatakuja tena. Sikumlaumu. Katika nchi hii neno mchawi halichezewi. Tuna Sheria ya Uchawi tangu mwaka 1928, na bado tumeshuhudia vikongwe wakiuawa, hasa huko Kanda ya Ziwa, kwa sababu tu macho yao ni mekundu, macho yaliyoungua kwa moshi wa jikoni. Tumeshuhudia watu wenye ualbino wakikatwa viungo. Mimi mwenyewe ni bibi ninayekaa peke yangu katika jiko lenye moshi. Mtoto wa London akisikia neno lao la mchawi huona kofia ndefu na paka. Mtoto wa hapa huona mtu, na pengine mtu mwenye jina na nyumba.

Nililala na jambo hilo siku kadhaa. Neno langu ndilo lililokosea. Mchawi kwa Kiswahili ni mbaya tangu mwanzo mpaka mwisho, hana upande wa pili, na kitabu kile chote kimesimama juu ya upande wa pili. Mganga angewapeleka kwenye vibuyu. Mazingaombwe ni kiini macho, na watoto wale wa hadithini hawadanganyi macho ya mtu. Muujiza nimewaachia manabii. Mwishowe nikachukua "mjuzi", shule anakosoma Harry ikawa Shule ya Wajuzi, na nikaanza upya na maneno mawili ya Kishambaa ambayo wazee wetu waliyatumia kwa habari ya wafalme wa Kilindi: *kuzifya shi*, kuiponya nchi, na *kubana shi*, kuiharibu nchi. Mfalme aliyeaminiwa kuwa na mvua aliweza kuileta, na aliweza kuizuia. Nguvu ni ile ile, swali ni ameishika nani na anaifanyia nini. Niliposema hivyo mkubwa wao, wa darasa la saba, alitikisa kichwa kama mtu aliyekumbushwa. Kitabu kizima kilikuwa kimefunguka.

Huyo huyo ndiye aliyeuliza kuhusu alama. Harry ana kovu kwenye paji la uso tangu uchanga, na kwa kovu hilo wengine wanamwogopa, wengine wanamtukuza. "Kama Mbegha," akasema. Hakuna mtoto wa Usambara asiyemjua Mbegha aliyeua simba. Wengi hawajui mwanzo wake, kwa hiyo Jumamosi ile tulimweka Harry kando. Mbegha alitoka Ngulu. Alikuwa kigego, aliota meno ya juu kwanza, na zamani hizo mtoto wa namna hiyo alihesabiwa nuksi ya ukoo. Wazazi wake walipokufa ndugu zake walimnyima urithi na kumtaka aondoke. Akaondoka na mbwa wake wa kuwindia nguruwe, akapanda milima hii, akawagawia watu nyama, akaua simba, na watu wa Vugha wakamfanya mfalme, Simba Mwene. Habari hizo alizikusanya kwa Kiswahili Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy, na kitabu chake, Habari za Wakilindi, kilichapishwa tena mwaka 1962. Nilikisoma nikiwa chuo cha ualimu.

Yatima mwenye alama, anayechukiwa na ndugu zake na kupokelewa na wageni. Rowling hakuvumbua mtu huyo, na hilo halimpunguzii kitu. Alimchukua mtoto wa zamani sana akamvalisha sare ya shule, na watoto wa kila mahali wanaijua shule.

Nitasema na kasoro zake. Ule mchezo wao wa angani umepewa kurasa nyingi kuliko unavyostahili. Bao moja ni pointi 10, lakini anayekamata kijimpira cha dhahabu anapata 150 na mchezo umekwisha. Kijana mmoja anayecheza winga timu ya shule akasikiliza, akasema: "Sasa wale wengine wanacheza kwa nini?" Sikuwa na jibu, na sidhani mwandishi analo. Vitabu vya baadaye vilinenepa. Cha kwanza ni kama kurasa 220, cha tano kimepita 700. Nilikiazima nikakisoma peke yangu, na nilihisi mwandishi ambaye hakuna mtu aliyethubutu tena kumwambia "hapa kata". Hiyo ni kazi ya sifa zikizidi.

Lakini sura ya kioo naitetea popote. Harry anakikuta kioo kinachomwonyesha mtu kile anachokitamani kuliko vyote, naye anawaona wazazi wake wamesimama nyuma yake, wanampungia mkono. Nilisoma polepole. Nilipomaliza, mmoja kati ya wale wawili niliowataja alisema: "Rudia." Nikarudia. Hakuna aliyeuliza viazi.

Inasimuliwa kwamba kabla ya umaarufu wote, wachapishaji kadhaa walikikataa kitabu hiki, na kwamba kampuni ya Bloomsbury ilikikubali baada ya binti wa mkuu wake, miaka minane, kupewa sura ya kwanza na kudai nyingine. Naiamini habari hiyo, kwa sababu "rudia" na "lete nyingine" ni neno moja. Kitabu cha kwanza kinazistahili sifa zake. Kinachoniuma ni sifa ambazo wengine hawakupewa.

Tulipomaliza Harry niliwasomea watoto wale wale Adili na Nduguze, cha Shaaban Robert, mwana wa Vibambani, Tanga, mkoa wetu huu huu. Kuna mtu mwema mno ambaye kila usiku anawachapa manyani wawili. Jiko lilinyamaza kama siku ya bundi. Ni njozi kama ya Harry, imeandikwa miaka mingi kabla yake, kwa Kiswahili kinachoteleza mdomoni. Nani amewahi kupanga foleni kwa ajili yake? Vitabu vyetu vingi humfikia mtoto vikiwa na maswali ya mtihani mkiani, na mtoto hujifunza kuviogopa kabla hajavipenda. Hata hadithi ya Alisi ya Waingereza, iliyotiwa Kiswahili mwaka 1940 na kutafsiriwa upya na Ida Hadjivayanis mwaka 2015, sijawahi kuiona katika shule yoyote niliyofundisha. Na Harry mwenyewe sijamwona kwa Kiswahili. Watoto wangu wamempata kwa sababu bibi mmoja anajua Kiingereza cha kuungaunga na ana kuni.

Kijana wa darasa la saba ameanza kuandika ya kwake. Shule ya wajuzi iko ndani ya msitu wa Magamba, na mlango wake upo pale ulipoanzia waya wa Wajerumani, ule uliokuwa ukiteremsha magogo mpaka stesheni ya Mkumbara. Barua, ambazo kwa Harry huletwa na bundi, huku analeta hondohondo, kwa sababu ana sauti kubwa na hafi mtu akilia. Amefika ukurasa wa 14 na amekwama. Jumamosi iliyopita walibishana mpaka moto ukafifia: je, ungo mmoja unachukua watoto wangapi, na ukiwa na mzigo wa viazi?