Nairobi hadi Mombasa: saa moja ya ndege ina saa ngapi?

Kutoka uwanja wa Jomo Kenyatta hadi ule wa Moi, Mombasa, ni kama kilomita 420 kwa njia ya angani. Ndege huzimaliza ndani ya saa moja, na hapo ndipo msafiri anapojidanganya: hulipa akidhani safari yake ni ya saa moja.

Anza kuhesabu mlangoni kwako. Ukitoka katikati ya jiji, weka nusu saa hata ukilipia barabara ya Expressway. Ukipita chini, foleni ya Mombasa Road ndiyo itakayokuamulia. Ongeza saa moja na nusu ya ukaguzi na kungoja, saa ya ndege, kusubiri mzigo, kisha teksi ya kukuingiza kisiwani kupitia Changamwe. Jumla inakaribia saa nne na nusu.

Treni ya SGR nayo huondokea Syokimau, jirani tu na uwanja wa ndege, kwa hiyo hapo hakuna aliyemtangulia mwenzake. Reli ina kilomita 472. Treni hutumia saa tano hadi sita kutegemea vituo, nawe unatakiwa ufike mapema, maana mizigo hupangwa chini mbwa wainuse. Ukishukia Miritini, mji bado uko mbali. Hesabu saa nane na nusu.

Tofauti, basi, ni kama saa nne. Zina thamani gani? Tangu Januari 2024 daraja la kawaida la SGR ni shilingi 1,500, na la kwanza 4,500. Nauli ya ndege haitulii, lakini tuseme umepata ya 7,500. Umeongeza 6,000 juu ya daraja la kawaida, yaani kila saa uliyookoa umeinunua kwa 1,500. Mwenye kikao cha kazi atalipa bila kunung'unika. Familia ya watu watano itaongeza 30,000 kwenda tu, na hizo ni pesa za kula pwani siku kadhaa.

Anayenishangaza ni wa daraja la kwanza. Kwa 3,000 zaidi angepanda ndege na kufika mapema; kwa 3,000 pungufu angefika dakika ile ile na wenzake wa nyuma. Kiti chake ni kipana, sawa, lakini si cha bei hiyo.

Kabla ya kulipia ndege, soma kipengele cha mzigo. Tiketi nyingi za bei ya chini huruhusu mkoba wa mkononi pekee, na sanduku utakalolilipia kaunta laweza kuila nafuu yote.

Na kama unakwenda Diani, tafuta kwanza ndege ya Ukunda. Ukishukia Moi, bado una feri ya Likoni ya kuvuka, au uzunguke kwa barabara ya Dongo Kundu.