Vyakula vya Barabarani Turffontein: Mgeni Aanze na Kipi?

Ndugu zetu, kila mwaka kitabu hiki kinapokaribia kwenda mtamboni hutujia simu kutoka Tanga, Mombasa, Bukavu na kwingineko, na swali ni lile lile: "Tunakuja Desemba, je, tubebe unga?" Msibebe unga. Ugali upo tele, huku huitwa pap, ni wa mahindi meupe kama wetu. Leteni iliki na habari za nyumbani. Matumbo yenu tuachieni sisi.

Nayasema haya kwa sababu ya shangazi yangu. Alipokuja kutoka Tanga mwanzoni mwa 2025 alikaa wiki nzima bila kutia kinywani kitu chochote kilichopikwa nje ya nyumba yetu. Hofu yake haikuwa ya bure. Novemba 2024 Rais Cyril Ramaphosa alilitangazia taifa kwamba watoto wasiopungua 22 wamekufa kwa vyakula vilivyoingia sumu, akaamuru maduka madogo ya mitaani na wote wanaoshughulika na chakula wajiandikishe kwenye manispaa zao katika siku 21. Habari hizo zilifika Tanga kabla shangazi hajafunga sanduku.

Aliyemtoa nyumbani ni mwanangu, aliyezaliwa hapa hapa. Asubuhi moja alimwambia, "Bibi, twende tukanunue magwinya," wakateremka wote wawili kuelekea Turf Club Street, upande wa uwanja wa mbio za farasi. Magwinya ni unga wa ngano, hamira, chumvi na sukari kidogo, donge linakatwa na kutumbukizwa katika mafuta yanayochemka. Makaburu huyaita vetkoek. Shangazi alilitazama, akalivunja, akalinusa, kisha akatoa hukumu: "Haya ni maandazi yaliyosahau nazi." Lakini alilimaliza, na la pili akalila na nyama ya kusaga ndani yake, maana huku andazi si la chai peke yake. Hupasuliwa likajazwa nyama, maini, samaki, achari au jemu. Ukipata na mageu ya baridi, kinywaji kichachu cha mahindi kinachofanana sana na togwa letu, basi hadi saa nane mchana huna njaa.

Mama anayetuuzia magwinya tunajuana tangu 2007. Mei 2008, wageni waliposhambuliwa katika vitongoji vya Johannesburg na miji mingine na watu zaidi ya 60 wakauawa, alinipigia kelele kutoka kwenye meza yake asubuhi moja: nisipite njia ya mjini, nirudi nyumbani, watoto wasiende shule. Nilirudi. Yeye mwenyewe alibaki na karai lake. Tangu siku hiyo mimi sinunui magwinya kwa mtu mwingine, hata akiwa na meza safi zaidi. Kwa hiyo swali la shangazi, "Unamwaminije mtu wa barabarani?" lilikuwa na jibu, ila nilimwacha akae naye kwanza.

Sasa kota, maana vijana wenu wataiomba siku ya kwanza. Jina limetokana na neno la Kiingereza la robo, kwani ni robo ya mkate mweupe usiokatwa vipande. Muuzaji huchimbua nyama ya mkate, akajaza chipsi laini zilizomwagiwa siki, achari ya maembe mabichi, kipande cha jibini, yai, soseji, kisha akaufunika kwa ule mkate aliouchimbua. Durban Wahindi wana ndugu yake, bunny chow, ambao ndani hutiwa mchuzi wa viungo. Kota hailiwi kwa adabu. Ukivaa kanzu nyeupe, ngoja urudi nyumbani ubadilishe.

Hapa nasimama kidogo, ndugu zangu, kwa ajili ya poloni, ile soseji nene ya rangi ya waridi ambayo hutiwa katika karibu kila kota. Tarehe 4 Machi 2018 Waziri wa Afya wa wakati huo, Aaron Motsoaledi, alitangaza kuwa chanzo cha ugonjwa wa listeria uliokuwa ukiua watu tangu 2017 kilikuwa poloni ya kiwanda kimoja cha Polokwane. Waliokufa walizidi 200, na wengi walikuwa watoto wachanga, kwa kuwa mdudu huyo humfikia mtoto tumboni mwa mama. Ugonjwa ule ulitangazwa kuwa umekwisha mwaka huo huo wa 2018, na poloni imerudi madukani. Hata hivyo binti au mkamwana mwenye mimba namwomba asile poloni isiyopikwa. Moto wa kutosha humuua mdudu huyo. Na sisi Waislamu tuulize kabla ya kununua, kwa kuwa poloni na soseji nyingi zina nguruwe. Kota ya yai, chipsi na achari haina shaka, mradi mafuta yawe hayakukaangia nguruwe, na tamu yake haipungui.

Mkitaka kuku, vukeni tu Rosettenville, hatua chache kutoka kwetu. Wareno wengi waliotoka Msumbiji baada ya uhuru wa 1975 walihamia huko, wakaja na kuku wao wa kuchoma wa piri-piri. Neno hilo, msisahau, ni pilipili yetu iliyosafiri katika vinywa vya Wareno. Mwaka 1987 Fernando Duarte na Robert Brozin walinunua mkahawa mmoja mdogo hapo Rosettenville ulioitwa Chickenland. Ndio uliokuja kuwa Nando's, ambayo leo ina mikahawa hadi London.

Mahindi ya kuchoma yapo majira ya joto, kando ya barabara, nayo hupakwa chumvi tu. Bebeni ndimu na pilipili yenu mfukoni. Wanaume wapenda nyama watafute skop, kichwa cha ng'ombe kilichochemshwa na kukatwakatwa juu ya ubao karibu na vituo vya teksi. Utumbo huitwa mogodu. Miguu na vichwa vya kuku navyo hupikwa pamoja kwa jina la utani, vitembeavyo na visemavyo. Shangazi alicheka jina, chakula chenyewe akakipisha.

Wiki ya tatu nilirudi kazini jioni nikamkosa nyumbani. Nilimkuta kwenye meza ya magwinya, amekalia kreti la soda, yule mama akimwita gogo, yaani bibi. Hakuna aliyejua lugha ya mwenzake. Shangazi alikuwa ametoa iliki kutoka kwenye kibindo, anaitwanga kwa kisigino cha chupa na kuitia katika unga wa kesho.

Wateja wawili walilalamika siku ya pili. Wa tatu aliagiza sita.