Alama 28, Kisha Nini?

Shule zinapofungwa mwezi Juni, katika nyumba zetu hapa Pasua huingia karatasi inayosomwa kwa haraka kuliko zote: ripoti ya mtoto. Jicho la mzazi hukimbilia nafasi. Amekuwa wa ngapi? Hufuata pongezi au karipio, kisha karatasi hutiwa kabatini.

Tuseme binti wa kidato cha pili amepata alama 28 katika Hisabati. Alama hiyo yatuambia kwamba amefeli; haituambii amekwama wapi. Huenda hesabu anaiweza, lakini swali lililoandikwa kwa Kiingereza hakulielewa. Huenda swali alilielewa, lakini kanuni hakuishika. Hayo ni maradhi mawili yenye dawa mbili, na alama ni ile ile. Mwishoni mwa mwaka unamngoja Upimaji wa Kitaifa, ambao huamua kama ataingia kidato cha tatu au atakariri darasa.

Upimaji wenye manufaa, basi, ni ule unaomrudia mwanafunzi pamoja na maelezo. Jambo hili si geni kwetu. Katika Hadithi aliyoipokea Abu Huraira (r.a.), iliyomo katika Bukhari na Muslim, mtu mmoja aliswali msikitini, na Mtume (s.a.w.) akamrudisha akaswali tena, hata mara tatu. Mtu yule alipokiri kuwa hajui namna iliyo bora zaidi, Mtume akamfundisha hatua kwa hatua: takbira, kisomo, rukuu kwa utulivu, itidali, kisha sijda. Hakuishia kumwambia kwamba amekosea. Na katika madrasa zetu ustadhi humsikiliza mtoto mmoja mmoja, akamsahihisha herufi papo hapo kabla kosa halijawa mazoea.

Taifa nalo lililiona hilo zamani. Azimio la Musoma la 1974 lilikosoa tabia ya kutegemea mtihani wa mwisho peke yake, na baada yake kazi za mwanafunzi za mwaka mzima zikaanza kuhesabiwa. Leo Baraza la Mitihani hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo, zenye mifano ya majibu mazuri na dhaifu. Taarifa hizo zinastahili kusomwa darasani kabla ya mtihani unaofuata.

Mwalimu mwenye darasa lililofurika hawezi kuandika maelezo marefu katika kila daftari. Anaweza, hata hivyo, kuchagua kosa moja lililowapata wengi, akalifundisha upya kwa njia nyingine, kisha akatoa maswali mawili matatu kuona kama limeondoka.

Mzazi naye, hata kama hakusoma Hisabati, aombe daftari pamoja na ripoti. Amuulize mwanawe kwa upole: Umekosea wapi? Umelirudia swali hilo ukalipata? Akiona kosa lile lile mara ya tatu, aende shuleni akazungumze na mwalimu wa somo sasa, asingoje matokeo ya mwisho wa mwaka.

Allah awape watoto wetu elimu yenye manufaa. Amin.