Mikono Mingi Mbele ya Tanuri

 

Bila shaka wengi wetu tumewahi kumimina chai ya moto katika glasi iliyokuwa baridi, tukasikia "ta!", chai ikamwagika mezani. Kioo hakipendi haraka. Upande mmoja ukipata moto hutanuka, na upande mwingine ukiwa bado baridi, pande hizo mbili huvutana mpaka kioo kipasuke. Jambo hilo dogo la jikoni ndilo linalowatawala watu tutakaowazungumzia leo, yaani wasanii wa kioo.

Kioo hutoka katika mchanga, chokaa na magadi. Naam, ni magadi kama yale ya ziwa letu la Magadi, ambayo kwa miaka mingi yameuzwa kwa viwanda vya kioo. Magadi huufanya mchanga uyeyuke upesi zaidi. Fundi hutumbukiza bomba refu la chuma ndani ya tanuri lenye joto la kupita nyuzi 1,000, akalizungusha, nacho kioo hujizonga kwenye ncha yake kama asali kijitini. Akiacha kuzungusha, kioo huanza kuning'inia upande mmoja. Hupuliza, hukipasha moto tena, hupuliza tena. Mwisho kazi hutiwa katika tanuri jingine lenye joto dogo zaidi, ipoe polepole kwa saa nyingi. Waliofika karakana ya Anselm Croze huko Kitengela wameona jinsi hata vioo vya madirisha makuukuu vinavyoyeyushwa na kufanywa vyombo vipya.

Zamani kioo kilikuwa na thamani kubwa. Katika kitabu cha Ayubu, sura ya 28, kimetajwa pamoja na dhahabu. Basi si ajabu kwamba waliojua kukitengeneza waliificha elimu yao. Mwaka 1291 serikali ya Venice, huko Italia, iliamuru matanuri yahamishiwe kisiwa cha Murano, kwa kuogopa moto mjini. Baadaye mafundi wa kisiwa hicho walikatazwa kuhama na siri zao. Baba alimfundisha mwana, na mgeni akabaki mlangoni.

Mwaka 1968 kijana Mmarekani aitwaye Dale Chihuly alifika Murano, akapokelewa katika kiwanda cha Venini. Kilichomgusa ni jinsi mafundi walivyofanya kazi kwa pamoja: mmoja ashike bomba, wa pili apulize, wa tatu alete kioo kingine, wa nne afungue mlango wa tanuri. Aliporudi kwao alisaidia kuanzisha shule ya kioo iitwayo Pilchuck, mwaka 1971, katika jimbo la Washington.

Ndipo yakamkuta makubwa. Mwaka 1976, akiwa Uingereza, gari lake liligongana na jingine, naye akarushwa kupitia kioo cha mbele. Jicho lake la kushoto likapofuka. Tuliwaze jambo hilo kidogo: kitu kile kile alichokipenda ndicho kilichomkata uso. Na fundi mwenye jicho moja hupata shida kupima umbali, hali mbele yake kuna moto na chuma.

Hakuacha. Mwaka 1977 aliona katika jumba la makumbusho la mji wake wa Tacoma vikapu vikuukuu vya wenyeji wa asili wa nchi ile, vilivyokuwa vimelegea na kupinda kwa uzito wa kuwekwa kimoja juu ya kingine. Vikampendeza vivyo hivyo, na kupinda kwake. Akaanza kutengeneza vikapu vya kioo chembamba sana, akiuachia moto na uzito wa kioo chenyewe uvipinde. Kile ambacho fundi mwingine angekiona ni kasoro, yeye alikifanya umbo.

Mwaka 1979 bega lake liliteguka alipokuwa akicheza katika mawimbi ya bahari, na kushika bomba zito kukawa kugumu. Akalikabidhi bomba kwa wengine. Toka hapo alichora kwa makaa na rangi juu ya karatasi kubwa, nao mafundi wakatazama mchoro na kupuliza. Wako waliouliza: Je, kazi hiyo ni yake au ni ya mafundi? Sisi twaona swali hilo ni la haki. Hata kwetu anayefinyanga chungu hutajwa mara chache kuliko anayekiuza.

Mwaka uo huo, 1979, mtu wa Murano aitwaye Lino Tagliapietra, aliyekuwa tanurini tangu utotoni, alikwenda Pilchuck kufundisha. Kisiwani kwao wako waliomlaumu kwamba anatoa urithi wao bure kwa wageni. Lawama hiyo haikuwa ndogo, maana urithi huo ulikuwa chakula cha watoto wao. Hata hivyo alifundisha wazi, akarudi tena miaka iliyofuata.

Mwaka 1988 watu hao wawili walisimama mbele ya tanuri moja. Chihuly alichora vyombo vya umbo la kale la Venice, vyenye majani na maua ya kujizongazonga, kila mchoro ukizidi ule uliotangulia kwa ugumu. Tagliapietra alitazama karatasi, akaketi kwenye benchi la fundi, akaagiza bomba liletwe.