Jeddah: Vichujio vya lenzi na picha za pwani kutoka angani

Mji wa bandari wa Jeddah, ulioko magharibi mwa Saudi Arabia kwenye Bahari ya Shamu, huwavutia wapigaji picha wengi wanaotumia droni, yaani ndege ndogo zisizo na rubani. Hata hivyo, anayerusha chombo chake saa sita mchana aghalabu huambulia picha za bahari iliyo nyeupe mithili ya bati jipya, huku matumbawe yaliyo chini ya maji yakiwa hayaonekani kabisa.

Chanzo chake ni jua. Waislamu wengi wanafahamu kwamba mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 28 Mei na 16 Julai, jua husimama juu ya Al-Kaaba mjini Makka, na watu hutumia vivuli kuhakiki kibla. Jeddah, iliyo umbali wa kilomita 70 hivi kutoka Makka, hupata jua hilo hilo la utosini. Kamera inayotazama chini wakati huo huliona jua lenyewe ndani ya maji, kama katika kioo.

Mng'ao huo unaweza kupunguzwa kwa kichujio kiitwacho polaraiza. Mwaka 1808 Mfaransa Étienne-Louis Malus aligundua kwamba mwanga unaorudishwa na uso unaong'aa huelekea kutikisika katika mwelekeo mmoja, na mwaka 1815 Mskoti David Brewster akaeleza ni katika pembe ipi jambo hilo hutimia. Kwa maji, lenzi inapaswa kuinama nyuzi 37 hivi chini ya upeo wa macho. Katika pembe hiyo, kichujio kilichozungushwa sawasawa huuzuia mng'ao na miamba ikajitokeza. Lenzi ikitazama chini wima, polaraiza haisaidii. Hupunguza mwanga tu. Anga nayo ina tabia yake: droni ikigeuka, sehemu moja ya anga huingia weusi kisha ikapauka, na kichujio hakiwezi kurekebishwa chombo kikiwa hewani. Kwa sababu hiyo, ni afadhali anga ipewe nafasi ndogo katika picha.

Kichujio cha pili ni cha rangi ya kijivu, kinachojulikana kwa herufi ND. Kazi yake ni kupunguza mwanga bila kubadili rangi, na umuhimu wake huonekana vyema kwenye Chemchemi ya Mfalme Fahd, iliyozinduliwa mwaka 1985. Chemchemi hiyo hurusha maji ya bahari zaidi ya mita 260 juu, yakitoka kwa kasi inayotajwa kuwa kilomita 375 kwa saa. Kwenye jua kali, kamera yenye tundu la f/2.8 na ISO 100 hulazimika kufungua shata kwa sehemu moja tu ya 3,200 ya sekunde. Katika muda huo maji husogea sentimita tatu hivi, na video huonekana ya kushtuka-shtuka, kana kwamba matone yamegandishwa. Kwa video ya picha 25 kwa sekunde, desturi ya watengenezaji filamu ni sehemu moja ya 50. Hapo maji husogea takriban mita mbili, na jicho huona mkondo mmoja laini. Tofauti ya mwanga ni mara 64, na ndiyo maana huchaguliwa ND64. Mwenye polaraiza, ambayo huweza kupunguza mwanga hadi mara nne, atatosheka na ND16.

Pamoja na hayo yote, kibali ndicho cha kwanza. Tarehe 21 Aprili 2018, maafisa wa usalama mjini Riyadh waliitungua droni ya kuchezea karibu na kasri la kifalme, na milio ya risasi iliyosikika ilizusha uvumi mkubwa. Idhini ya kurusha droni nchini humo hutafutwa kwa Mamlaka Kuu ya Usafiri wa Anga. Kenya na Tanzania nazo hazimruhusu mtu kujirushia tu apendavyo.

Mkaazi wa Mombasa au Malindi anayetaka kujaribu ufundi huu hana budi kugeuza saa. Pwani ya Jeddah inatazama magharibi, hivyo asubuhi jua huwa nyuma ya mpigaji picha na matumbawe huonekana vyema. Pwani ya Kenya inatazama mashariki, na nafuu hiyo hupatikana alasiri.